Mzee wa Peislipu Anajibu: Eti Sikukuu Ndiyo Inamaliza Bajeti?

Barua za mwezi huu zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja, sikukuu. Nadhani ni kwa sababu bajeti imebana na kila ofisi inatafuta wa kulaumiwa, sasa kalenda haina mdomo wa kujitetea basi ndiyo inabebeshwa mzigo. Mimi mnanijua, nimekaa kwenye mishahara ya wilaya hapa Uganda miaka mingi mpaka nikastaafu, kwa hiyo haya maneno nayajua kwa upande wa makaratasi, siasa nawaachia wenyewe. Barua nimezipunguza kidogo maana wengine mnaandika kama mnalipwa kwa neno.

SWALI: Habari za siku mzee. Mimi ni karani wa wilaya huku upande wa Tororo. Bosi wetu kwenye mkutano alisema sikukuu ndizo zinakula pesa ya gavumenti, eti watu tunalipwa bure kukaa nyumbani kunywa malwa, na kama bajeti imebana basi zikatwe zibaki hata tano. Wengine wakacheka wengine wakanuna. Ni kweli? Na zikikatwa hiyo pesa itaenda wapi? (Karani, Tororo)

JIBU: Ndugu yangu karani, ukifika nyumbani fungua ile bahasha yako ya peislipu (karatasi za mshahara), toa ya Aprili na ya Septemba uziweke mezani pamoja. Aprili mara nyingi ina Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka, Septemba haina sikukuu ya taifa hata moja. Haya angalia. Basiki (mshahara wa msingi) ni ile ile, PAYE (kodi ya mshahara) ni ile ile, mkopo wa SACCO umekatwa vile vile. Umeona mahali pameandikwa sikukuu? Hakuna. Mimi nimeandaa payroll miaka na miaka na sijawahi kuona safu ya sikukuu, mtumishi wa umma analipwa kwa mwezi, pesa inatakiwa iwe imefika ifikapo tarehe 28, mwezi uwe na siku 18 za kazi au 23 ni hesabu moja. Kwa hiyo ukifuta sikukuu zote, kuanzia tarehe 1 Januari mpaka ile ya 26 Desemba, bili ya mishahara itabaki pale pale. Unachopata ni siku, shilingi hupati.

Sasa siku ni kitu pia, sitaki kumdharau bosi wako. Tupige hesabu. Mwaka una siku 365, toa Jumamosi na Jumapili 104, zinabaki 261. Sikukuu zetu kwa sheria zinazunguka 14 hivi, ukihesabu na Idi zote mbili. Lakini hapa kwetu sikukuu ikianguka wikendi imeenda na maji, hatufidiwi Jumatatu kama jirani zetu wa Kenya wanavyofanya ikianguka Jumapili. Mwaka 2025 kwa mfano, Siku ya Ukombozi tarehe 26 Januari ilikuwa Jumapili, siku ya Askofu Mkuu Luwum tarehe 16 Februari Jumapili tena, Siku ya Wanawake tarehe 8 Machi Jumamosi. Tatu zote zimemezwa! Nani alilia? Hakuna aliyeandika barua kwa gazeti hili, nakumbuka.

Halafu ujiulize hizo siku zikirudi ofisini zitafanya nini. Wewe uko ndani ya ofisi unajua kwota ya nne ya mwaka wa fedha inakuwaje, Mei na Juni, toner imeisha, mafuta ya pikipiki ya afisa wa ugani yameisha tangu Aprili, watu wanakuja saa mbili wanasaini kitabu wanakaa wanaangalia simu mpaka saa tano halafu wanaenda "fildi". Ukiwaongezea siku tano za kusaini kitabu umeokoa nini kwani?

Lakini kuna mahali bosi wako yuko sawa, na hapa lazima niseme ukweli. Ni Juni. Mwaka wa fedha unakufa tarehe 30 Juni, pesa isiyotumika inarudi kwa Mfuko Mkuu wa serikali, kila mtu anakimbia kusaini na kulipa, na ndani ya Juni hiyo hiyo kuna tarehe 3 ya Mashahidi na tarehe 9 ya Mashujaa. Mwaka 2025 ikaja na Idi ya kuchinja Ijumaa tarehe 6. Yaani Jumanne hakuna kazi, Ijumaa hakuna kazi, wikendi, Jumatatu hakuna kazi, na Alhamisi ya tarehe 12 bajeti ya trilioni 72.4 inasomwa. Kama wewe ndiye wa kupitisha malipo wiki hiyo unaweza kulia kweli.

Na kuna mtu mwingine anayelipa, ambaye kwenye huo mkutano wenu hakuwepo. Miaka ile bado niko kazini nilipita getini siku ya Mashujaa kuchukua miwani niliyoisahau, nikamkuta mama mmoja amekaa chini ya mwembe na bahasha ya kaki mapajani. Alikuwa anafuatilia pensheni ya marehemu mumewe. Ametoka kijijini na boda alfajiri, elfu kumi kuja elfu kumi kurudi, hakuna aliyemwambia ni sikukuu, kule kwao tarehe 9 ni siku ya kupalilia tu. Askari anamwambia "kesho mama" na yeye anauliza kesho na nauli gani. Mimi nilikuwa na funguo ya ofisi yangu lakini ya pensheni ni nyingine, ya bwana mwingine, na bwana huyo yuko kwenye sherehe kavaa tai. Nilimpa elfu tano nikaona aibu mpaka leo. Kwa hiyo gharama ya sikukuu ipo, ila ukiitafuta kwenye vote (fungu la bajeti) ya mishahara hutaiona, iko kwenye nauli za watu. Dawa yake wala haihitaji kufuta sikukuu, ofisi itangaze kwa redio ya hapo hapo wiki moja kabla na ibandike karatasi kwa LC, yaani uongozi wa kijiji.

Tena huyo bosi muulize akate ipi. Akianza na Idi, mwite aje kueleza pale msikiti mkuu wa Old Kampala. Akianza na tarehe 3 Juni, akawaambie wale wanaotembea kwa miguu wiki mbili kuja Namugongo, walikouawa Mashahidi, na jerikeni mkononi. Ya Luwum imeanza juzi tu 2016, kwa ajili ya mtu aliyeuawa 1977 kwa kusema ukweli mbele ya Amin, nani atasimama kuifuta? Kila mtu anataka zikatwe lakini siyo yake.

SWALI: Mzee shikamoo. Mimi ni nesi kwenye kituo cha afya cha gavumenti, Busia. Krismasi nilikuwa zamu, mwaka mpya nilikuwa zamu, Pasaka nilikuwa zamu, Idi nilikuwa zamu (mimi ni Mkristo nikawaachia wenzangu Waislamu waende). Inchaji (mkuu wa kituo) anasema hakuna pesa ya overtaimu bajeti imebana. Wenzetu wa ofisi wanapumzika na wanalipwa sawa na sisi. Je hii ni haki? (Nesi aliyechoka)

JIBU: Marahaba binti yangu, na asante kwa zamu, najua hiyo asante haijazi sufuria.

Hapana siyo haki na wala siyo maoni yangu, ni sheria. Sheria ya Ajira ya 2006 inasema mfanyakazi anapumzika na mshahara kamili kila sikukuu ya taifa, na akifanya kazi siku hiyo anapewa siku nyingine ya kupumzika yenye mshahara. Mwajiri akitaka kuikwepa hiyo siku nyingine basi alipe kazi ya siku ile si chini ya mara mbili. Moja kati ya hizo mbili, hakuna ya tatu inayoitwa "bajeti imebana". Na usidanganywe kwamba sheria hiyo ni ya makampuni, inamtaja mtumishi wa umma na wa serikali za mitaa kwa jina, walioachwa nje ni wanajeshi wa UPDF.

Sasa kwa hali halisi, pesa ya mara mbili usiisubiri sana, kwenye vituo vingi hiyo laini ya bajeti ama haipo ama ilishaliwa na mafuta ya jenereta. Inchaji wako pengine hadanganyi. Lakini ofu, ile siku ya kupumzika, haihitaji laini ya bajeti! Hapo ndipo mnapojikosea wenyewe, mnadai pesa isiyokuwepo mnaacha siku iliyopo.

Nikwambie jinsi mwenzako mmoja alivyofanya, kituo nakiacha bila jina. Alinunua daftari la mia tano lile la kurasa 32. Kila sikukuu aliyofanya zamu aliandika tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, akapiga picha ya rosta ukutani kwa simu, halafu asubuhi yake anamwambia inchaji "sista naomba saini yako hapa", taratibu, bila ugomvi, wakati inchaji bado ana usingizi. Mwisho wa mwaka alikuwa na saini tisa. Akaandika barua ya nusu ukurasa akiomba siku tisa, akaambatanisha daftari, kopi moja kwa afisa rasilimali watu. Walimpa saba. Mbili wanabishana nazo nadhani mpaka leo. Mwenzake wa zamu ile ile hakupata hata moja kwa sababu alikuwa anaandika kichwani.

Kitu kingine, zigawanye hizo siku, usiombe zote Desemba maana hapo inchaji atakataa na atakuwa na sababu, nani atabaki na wagonjwa.

Na wewe inchaji unayesoma hii (najua mnasoma, mnaazimana gazeti), ukiandika rosta ya mwaka mpya wa fedha weka sikukuu zote kwa kalamu nyekundu mapema uzigawe, Mkristo azibe Idi, Mwislamu azibe Krismasi na Pasaka, kama huyu binti alivyofanya kwa roho yake safi. Haigharimu chochote.

SWALI: Salamu kutoka Arua. Kama sikukuu yenyewe haili pesa mbona kila mwaka tunaona mahema, magari, bendi, tisheti? Hizo zinatoka wapi? Tanzania si waliwahi kufuta? (Mwalimu wa praimari)

JIBU: Mwalimu, wewe umegonga msumari. Sikukuu ni kitu kimoja na sherehe ni kitu kingine, na bosi wa Tororo amezichanganya kwenye sufuria moja.

Watanzania walizitenganisha vizuri sana. Mwaka 2015 Rais Magufuli akiwa ndiyo kwanza ameingia alifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba, akawaambia watu washike fagio wafanye usafi, na shilingi bilioni 4 za kwao zilizokuwa za sherehe zikaenda kupanua barabara ya Morocco mpaka Mwenge pale Dar es Salaam. Mwaka 2022 Rais Samia naye akafanya hivyo hivyo, shilingi milioni 960 zikaenda kujenga mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu. Umeona? Tarehe 9 Desemba haikufutwa kwenye kalenda, kilichofutwa ni paredi, chakula cha wageni na mafuta ya magari.

Kwetu nenda kaangalie sherehe ya wilaya, achana na ile kubwa ya taifa. Nimekaa kwenye kamati hizo, nawajua. Mkutano wa kwanza wa maandalizi, soda na keki. Wa pili, soda na keki na alawansi. Hema la wakubwa lenye mapazia, viti vya plastiki mia nne vya kukodi, spika, mafuta ya gari la kubeba spika, alawansi ya dereva, alawansi ya anayemsimamia dereva. (Kwa wasomaji wetu wa pwani, huko kwenu hiyo mnaiita posho, lakini hapa Uganda posho ni ugali, ukimwambia mtu amekula posho atakuuliza na maharage au na mukene, yaani dagaa.) Mwisho hotuba tatu zinasomwa kwa Kiingereza mbele ya watu wanaosubiri chakula, na hema inabomolewa saa kumi kabla mvua haijaanza. Hiyo ndiyo pesa ya sikukuu, na hiyo inakatika kesho asubuhi bila kuwagusa Mashahidi wala Mtume.

Mimi ningeziacha sherehe mbili tatu za taifa, nyingine zote watu wapumzike kimya kimya. Najua RDC (mwakilishi wa rais wilayani) wangu wa zamani akisoma hapa atanipigia simu.

SWALI: Ssebo mzee, mimi nina hadweya (duka la vifaa vya ujenzi) Kisenyi. Naona kwa simu Ulaya wanafuta sikukuu kuokoa uchumi. Sisi maskini tunapumzika matajiri wanafanya kazi? (Mfanyabiashara, Kampala)

JIBU: Ndugu, simu inakuonyesha mwanzo wa sinema tu, mwisho haikuonyeshi. Ureno walibanwa na madeni wakafuta sikukuu nne kuanzia 2013, mwaka 2016 zikarudi zote. Ufaransa mwaka 2025 waziri mkuu Bayrou alitaka kufuta mbili, Jumatatu ya Pasaka na tarehe 8 Mei, watu wakawaka, Septemba serikali yake ikaanguka bungeni na zile sikukuu ziko palepale. Waliofanikiwa wazi ni Denmaki, walifuta siku yao moja ya maombi iliyokuwepo tangu 1686, ikatoka kuanzia 2024 ili pesa iende kwa ulinzi, na hata hao waliwaongezea wafanyakazi asilimia 0.45 ya mshahara kwa sababu siku umeichukua lazima uilipe.

Lakini sikia hesabu ya Denmaki inavyofanya kazi. Watu wengi kule wameajiriwa, siku moja zaidi ya kazi ni mshahara zaidi, mshahara zaidi ni kodi zaidi, serikali inachota hapo. Sasa wewe hadweya yako unaifunga siku ya Mashujaa? Hufungi. Kikuubo, ule mtaa wa maduka ya jumla, inafungwa? Nilipita pale tarehe 9 Juni moja nikanyagwa na mwenye mkokoteni wa sabuni. Boda wako kazini, mama wa chapati yuko kazini, Namugongo tarehe 3 ndiyo siku yao ya mavuno ya mwaka. Kwetu wanaopumzika kwa mshahara ni wachache sana, ukiwarudisha ofisini hakuna kodi mpya inayozaliwa, ila wewe utauza maji na biskuti kidogo kuliko jana. Sijui kama umelifikiria hilo.

SWALI: Mzee mimi nafagia jengo la wilaya lakini nimewekwa na kampuni ya usafi, nalipwa kwa siku. Wakubwa wakienda sikukuu mimi silipwi. Juni ilikuwa mbaya sana. Nimefanya mwaka na miezi miwili. Sina karatasi. (Usinitaje hata mji)

JIBU: Sikutaji mwanangu.

Barua yako niliisoma mara mbili, maana hapa ndipo ile hadithi ya "kulipwa bure" inapogeuka. Jengo ni la gavumenti, kazi ni ya gavumenti, lakini wewe sikukuu kwako ni njaa.

Sikiliza. Haki ya kulipwa sikukuu inaanza ukishafanya kazi kwa mwajiri huyo huyo miezi sita mfululizo na unafanya angalau masaa 16 kwa wiki. Wewe umepita mbali. Tena kanuni za ajira za 2011 zinasema mtu hawezi kuwekwa kibarua zaidi ya miezi minne, akipita hapo anatakiwa apewe mkataba wa maandishi na haki kama wafanyakazi wengine. Hiyo "sina karatasi" ni kosa la kampuni, siyo lako.

Usianze na kelele. Kwanza kusanya ushahidi, meseji za mobail mani zinazoonyesha kampuni inakulipa, kitabu cha askari getini unachosaini asubuhi, majina ya wenzako wawili. Halafu nenda kwa Afisa wa Kazi wa wilaya, malalamiko kwake ni bure, akikwambia lete kitu kidogo uniandikie tena. Kama wenzako wamo kwenye hali hiyo nendeni watatu au wanne, mmoja peke yake anafukuzwa jioni. Na kama ofisi yenyewe iko ndani ya jengo unalofagia, ingia na fagio mkononi, hakuna atakayeuliza unaenda wapi.

SWALI: Mzee, tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, UNESCO walishapitisha tangu 2021. Mbona Uganda haijawa sikukuu ya kupumzika na Kiswahili ni lugha rasmi ya pili? (Mpenzi wa lugha, Jinja)

JIBU: Hapana. Juni imetosha, tukiongeza Julai yule karani wa Tororo bosi wake atazirai. Siku hiyo nenda kazini, fungua mkutano kwa Kiswahili, na andika dondoo zake kwa Kiswahili uone nani atazisaini.